Mche wa Mkuu Mstaafu

Mkuu alipostaafu, alichoacha ni shule tu. Ukuu alirudi nao nyumbani. Mkewe, fundi cherehani aliyezoea nyumba tulivu mchana kutwa, sasa alikuwa na mtu wa kumkagua hata anavyopanga vyombo. Kwa hiyo siku mumewe alipotangaza kwamba ataotesha mti, mama wa watu alishusha pumzi, akamkabidhi makopo yote matupu ya rangi yaliyokuwa uani.

Si mti wowote tu. Alitaka ule wa asili, unaochanua maua mekundu kabla hata ya kuvaa majani, upandwe langoni mwa shule aliyoiongoza, na kibao chenye jina lake chini yake. Miche yake ilikuwa ikiuzwa kando ya barabara, lakini kununua hakutaka. Alitaka kusema ameutoa kwenye mbegu kwa mkono wake. Aliogopa kusahauliwa, ingawa hilo hakulitamka. Mkewe alilijua, na ndilo lililomfanya amvumilie.

Muuza mbegu alimweleza kwamba ganda ni gumu, azimwagie maji ya moto, kisha aziache zilowe mpaka asubuhi. Mkuu, ambaye hakuumbwa kuelekezwa, alisikia nusu ya kwanza tu. Alizibandika jikoni akazichemsha kama maharage, na maji yalipokaribia kukauka akaongeza. Zilipoiva, akazifukia kwenye udongo mweusi aliouchota nyuma ya jalala, huku akiusifia rutuba.

Haukupita muda, kopo moja likatoa kitu. Kikakua kwa fujo, shina jekundu, majani mapana yenye vidole. Mkuu akakitengenezea kivuli, akakizungushia uzio, akawahutubia majirani juu ya uvumilivu. Mkewe alikitupia jicho mara moja akakijua: mbarika, ule unaojiotea wenyewe kila penye takataka. Alimwambia kwa upole kwamba majani yale yanamtia wasiwasi. Mkuu akamuuliza tangu lini cherehani ikafundisha elimu ya mimea. Basi mkewe akarudi kwenye pindo alilokuwa akishona.

Walimu wake wa zamani wakawa wanakuja kumsalimia. Kila mmoja alipelekwa uani, akatazama, akasifu, akanywa chai. Mmoja wao, tena mwalimu wa sayansi, alisema hajawahi kuona mche wenye afya namna ile, na hapo hakusema uongo. Mama aliwasindikiza mpaka nje akiwakodolea macho, nao wakawa wanatazama viatu vyao.

Siku ya kupanda ikafika. Shimo lilikuwa tayari, kibao kimepakwa rangi, wanafunzi wamepangwa mistari, na mkuu mpya, mwanamke aliyewahi kuwa msaidizi wake, ameshika jembe bila kuinua uso. Mkuu akasimama mbele yao, akauliza nani anaujua mti ule. Wanafunzi wakatazamana. Akatabasamu, akasema ni aibu iliyoje watu kusahau miti yao wenyewe, kisha akamgeukia mkewe aliyeketi mbele.

"Mama, hebu wasaidie hawa."

Mama alikitazama kile kibao. Akawatazama wanafunzi wa nyuma waliobana midomo, akajua kuanzia kesho watamwita mumewe nani. Hasira na huruma vikamjia kwa pamoja. Akinyamaza, jina lile litakaa langoni chini ya gugu la jalalani, na kila apitaye atacheka.

"Huo ni mbarika, baba," alisema. "Nisamehe. Mbarika tu."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mkuu aliinama, akashika jani moja, akaligeuza, akaliachia. Kisha akawageukia walimu wake, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko walivyowahi kuisikia.

"Na ninyi mlikuwa mnajua?"

Wakaitikia kwa pamoja, kama walivyoitikia kwenye vikao vyake miaka yote:

"Ndiyo, Mkuu."