Meno Yangu Yaliyobaki kwa Mama

Hata leo nikipita kijijini kwetu Namboboto nainamisha uso, maana nilivyojiaibisha mbele ya jeneza la mama yangu mzazi, mtoto yeyote wa pale atakusimulia, tena kwa vitendo. Afadhali usikie kwangu mwenyewe.

Sisi Wasamia wa rika langu tuling'olewa meno ya mbele ya chini tungali wavulana. Siku yangu ilipofika, mama ndiye aliyenishika kichwa. Nililia, akaniambia, "Nyamaza, baba. Siku moja ugonjwa ukifunga taya, uji utapita hapa."

Nikakua, nikapata ukarani mpakani Malaba, na miaka ile ya sabini karani mwenye tai hakutaka kuonekana na pengo (mimi nilikuwa na tai mbili). Nikanunua meno ya bandia, yakawa yanacheza, kwa sababu mfupa wa taya usio na jino huliwa pole pole mpaka unabaki mwembamba. Daktari mmoja wa Nairobi akasema dawa ni kukata kipande cha mfupa wa nyonga akipandikize tayani. Kikishika, meno yatapata pa kukaa, na huenda siku moja ningepata hata yale ya kusimikwa ndani ya mfupa, ambayo wenzetu ng'ambo walikuwa wakiyajaribu. Nikakubali. Nikatoka hospitalini nikichechemea, nyuzi kinywani, na onyo moja: "Usivae yale meno ya zamani mpaka nikuone tena. Ukiusumbua huu mfupa, utaoza."

Kabla jeraha halijapona, mama akafa.

Mimi ndiye kifungua mimba wake, na alikuwa ameniambia mara nyingi, "Siku yangu, wewe ndiye utaniaga." Neno la mwisho kaburini lilikuwa langu. Lakini asubuhi ya mazishi nikaona wenzangu wa ofisini wanashuka kwenye gari la bosi, tai zao hizo, nikaingia ndani, nikayatoa meno kwenye kikombe, nikayasukuma juu ya nyuzi. Machozi yakanitoka (watu wakadhani ni ya msiba, na mengine yalikuwa ya msiba kweli).

Shangazi akaniona. "Wewe, si daktari alikukataza?"

"Ni ya saa moja tu, shangazi."

Jeneza likateremshwa. Nikasimama ukingoni, nyonga inawaka, nikaanza vizuri tu, nikasema alivyolima, alivyotulea, nikafika kwenye "Mama, ulinifanya mtu," kilio kikanitoka, kinywa kikapanuka chenyewe, meno yakaruka pamoja na damu, yakagonga mbao za jeneza, ko! Mtu mmoja nyuma akacheka, akafinywa. Nami badala ya kutulia nikapiga magoti, nikanyoosha mkono kaburini, nyonga ikakataa kunishika, almanusura nimfuate mama. Baba mdogo akanidaka ukosi wa koti.

"Wacha hapo! Kitu imeingia kwa kaburi ya mtu haitoki tena."

"Lakini baba mdogo, ni meno yangu."

"Ilikuwa yako. Mwaga udongo."

Nikamwaga udongo juu ya meno na juu ya mama, na lile neno sikulimaliza. Hilo ndilo linaloniuma, si kicheko.

Matanga hayajaisha, taya ikavimba, ikafunga kabisa, hata ulimi sikuweza kuutoa. Shangazi akaketi kando ya kitanda na bakuli la uji mwepesi wa wimbi, akaupitisha kwa kijiko kidogo palepale penye pengo, kidogo kidogo, huku akinifuta kidevu.

"Mama yako aliona mbali," akasema.

Nililia kuliko nilivyolia kaburini.

Nilipofikishwa Nairobi, daktari akautoa mfupa wote, umeoza kama alivyosema, akaniuliza kama tujaribu nyonga ya upande wa pili. Nikatikisa kichwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi langu lilikuwa karibu kuvunjika kweli. Tangu siku ile nimeapa sitaliziba tena pengo hili, ofisini wala kanisani, anayetaka kucheka acheke. Bado sijapata moyo wa kurudi pale kaburini kulimalizia lile neno. Nikienda, nitakwenda na pengo langu, maana ndivyo mama alivyonijua.