Upepo Ndani ya Bomba la Maji

Mimi hakuna kitu duniani cha kunishtua. Shule niliiacha darasa la nne, na gereji yangu ya Palma niliijenga kwa mikono hii, wakati waliosoma wakizunguka na vyeti vyao kutafuta wa kuwaajiri. Gesi ilipogunduliwa, barabara ya Olumbi ikajaa magari, mimi kompresa ninayo tayari.

Upepo wa kompresa niliupitisha kwenye mabomba ya plastiki, yale ya maji. Hata viungio sikununua. Unauchoma mdomo wa bomba kwenye makaa ya vifuu, ukilainika unachomeka bomba jingine humo, likipoa limeshika. Ndivyo tunavyounga maji huku kwetu. Nikayatandaza chini ya bati, yakafanya kazi bila kulalamika.

Kampuni moja ikawa inatafuta gereji ya kutengenezea malori yake yote. Kazi ile ingenitoa kabisa. Wakamtuma engenheira wao, yaani mhandisi, aje kukagua, binti wa Mocímboa aliyesomea Maputo. Akaangalia jeki, akaangalia shimo la kuingilia chini ya magari, akaridhika. Kisha akainua macho.

“Mestre, haya si mabomba ya maji?”

“Bomba ni bomba, mwanangu.”

“Yatoe, uweke ya chuma. Wiki ijayo narudi, tunasaini.”

Angeninong'oneza ningebadilisha. Lakini alisema mbele ya mafundi wangu, na mmoja akacheka.

“Chuma cha nini? Haya yamezoea presha.”

“Maji yakipasua bomba, baba, unaloa tu. Upepo ukilipasua, vipande vinaruka kama visu.”

“Nyie mkishasoma mnaogopa hata upepo!”

Mafundi wakashangilia. Nikaongeza presha mbele yake, mshale wa kipimo ukapita pale ninapoishia siku zote. “Unaona? Unaona, mwanangu?”

Bomba likapasuka palepale kwenye kiungo nilichokichoma. Kipande kimoja kikavunja kioo cha mbele cha gari alilokuja nalo, kingine kikanichana sikio. Waliokuwepo wanasema niliruka. Waongo.

Yeye alikuwa ameshajibanza nyuma ya ukuta. Akatoka, akakung'uta vumbi kwenye mtandio wake.

“Pole, mestre,” akasema, na alimaanisha. Afadhali angenitukana.

Wiki iliyofuata hakurudi. Malori alipewa jirani wa ng'ambo ya barabara, mtu niliyemfundisha mwenyewe kushika spana. Kila asubuhi namsikia akiwasha kompresa yake, na kila asubuhi ananipungia mkono.

Mimi nilifunga mabomba ya chuma hata hivyo, asije mtu akasema sina uwezo. Siku hizi yanajaza upepo baiskeli. Kioo nililipa, heshima ninayo. Kioo, nyuzi za sikio na chuma chote: metikali elfu arobaini na moja, mia sita na hamsini.