Marashi ya Tante Furaha

Juzi mujukuu wangu aliacha chupa ya marashi wazi, nikacheka peke yangu. Nilikumbuka ndoa ya Tante Furaha, shangazi yangu, kule kijijini Lushebere.

Muchumba wake alimutumia kachupa ka marashi. Tante akakasahau wazi chini ya kitunga, pamoja na kikombe cha maji na sahani ya mafuta ya ng'ombe ya kumupakaa bibi arusi. Kesho yake kachupa kalikuwa katupu, lakini maji ilikuwa vilevile.

"Nani amekunywa?" Tante alilia.

Nyanya Nyirere akatunusa midomo, watoto wote. "Hawa wananuka maziwa tu!" Kisha akainamia sahani. "We Furaha, leta pua! Marashi yako njo hii, imeingia ndani ya mafuta!"

Mimi nilifikiri mafuta ilisikia kiu. Leo najua marashi inageuka mvuke mbio kuliko maji, na mafuta inaikamata. Siku ile tukamupakaa Tante mafuta yote, akatoka akinukia mpaka ng'ombe wa mahari wa bwana arusi wakageuza vichwa.