Mambo Manne kwa Siku Moja

Ezelda Prosper aliikuta rangi bado mbichi ubavuni mwa basi dogo. Hadi jana pale palikuwa na maneno matatu tu, "Korongo la Titou", na hayo yalimtosha. Sasa palisomeka "Mambo Manne kwa Siku Moja", na chini yake mwanamke ananing'inia kwenye waya, mwingine anaelea mtoni juu ya tyubu, na samaki wa manjano anamtazama kila mpita njia kama anayedai kitu.

"Manne yapi?" alimuuliza binamu yake Hilroy, mwenye basi na mwenye biashara ambayo yeye ndiye aliyewaongoza wageni wake.

"Korongo, waya, mto, bahari. Asubuhi mnaogelea Titou. Mkitoka hapo mnateleza kwenye waya, mnashuka mto Layou mnaelea na tyubu, halafu mnamalizia ufukweni Mero na miwani ya kupigia mbizi. Jioni wageni wako melini wamechoka vizuri."

"Hilroy, kisiwa hiki cha Dominica ni milima mitupu. Barabara zenyewe unazijua. Umeipima hii kitu kwa saa au kwa ndoto?"

"Zelda, mtu wa siku hizi hataki jambo moja. Anataka akifika kwao aseme nimefanya hiki, nimefanya kile. Wenzetu pale gatini wanauza mawili. Sisi tunauza manne."

"Na mimi nina miguu mingapi?"

"Miwili. Inatosha. Halafu kuna viti viwili havikupata watu. Kimoja atakaa Mama."

Ezelda alidhani amesikia vibaya. Lakini mlango wa ofisi ulifunguka, akatoka Shangazi Alphonsine, mama yake Hilroy, kofia ya kanisani kichwani, raba nyeupe mpya miguuni, na kapu lililofunikwa kitambaa mkononi.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Nimekuja kuona hiyo kazi unayosema ni kazi."

Maneno hayo yalikuwa na historia. Ezelda alizaliwa Laudat, kijiji cha juu, mwendo mfupi kutoka korongoni. Mama yake alivuka kwenda kisiwa jirani cha Guadeloupe kufanya kazi za jikoni, akaolewa huko huko. Baba yake alipofariki, dada wa baba huyo, Alphonsine, alimchukua mtoto akamlea pamoja na Hilroy wake. Alimsomesha, akamtafutia nafasi benki mjini Roseau, nyuma ya kioo, na viatu vya kisigino. Ezelda alikaa pale miaka miwili. Siku moja akatoka kwenda kula mchana, akapanda gari la Laudat, akavua viatu, akajitosa Titou, na hakurudi tena kwenye kile kioo. Sasa alikuwa na miaka arobaini na moja, mabega mapana kama ya mpiga makasia, na shangazi yake bado alikuwa akiliongelea jambo lile kana kwamba limetokea juzi.

Gatini walipokea wageni saba. Mmoja wao, bwana mrefu mwenye kofia ya kijani, alishika karatasi ya ratiba aliyopewa na Hilroy na kuiangalia mara kwa mara kama mtu anayekagua tiketi. Basi halijatoka mjini, Shangazi akamwambia dereva, "Gifton, simama hapo kidogo, nimsalimie Vernice."

"Shangazi, hatusimami," alisema Ezelda.

Gifton alikuwa ameshasimama. "Mama amesema," alijitetea.

Vernice alisalimiwa. Mumewe naye akasalimiwa. Wageni wakatambulishwa mmoja mmoja kupitia dirishani. Ezelda aliangalia barabara mbele yake, akabana meno.

Titou ni ufa kwenye mwamba. Maji yake ni baridi ya kukata pumzi, unaogelea kati ya kuta mbili zilizokaribiana hadi mwisho, ambako maporomoko yanaanguka gizani. Ezelda aliwavalisha wageni majaketi ya kuelea, akawapanga mstari, akawaeleza wapi pa kushika na wapi pa kuacha. Alipokuwa anaingia nao, sauti ya shangazi yake ikaja kutoka kwenye jiwe la mlangoni.

"Mjihadhari na mama wa majini! Anakaa humo humo. Anapenda wanaume warefu, anawavuta mguu!"

Wanawake wawili wakacheka hadi wakameza maji. Bwana wa kofia ya kijani hakucheka. Aligeuka, akatoka, akakaa juu akitetemeka, na ikabidi Ezelda amrudie, ambembeleze, amuingize tena kwa kumshika mkono kama bwana harusi.

"Shangazi, nakuomba," alisema kwa Kikreole ili wageni wasielewe. "Usiongee na wateja."

"Kwani nimesema uongo?"

Wageni walipotoka wote na kuanza kujifuta, Ezelda alihesabu vichwa, akageuka kukusanya majaketi, akamkuta shangazi yake amevaa moja juu ya gauni lake. Kofia ya kanisani ilikuwa juu ya jiwe.

"Niingize," alisema.

"Hatuna muda."

"Umewaingiza wageni kutoka mwisho wa dunia. Mimi nakaa hapo chini."

Ezelda alimtazama Gifton, Gifton akatazama miti. Basi akamshika shangazi yake kwa mkanda wa jaketi, akamvuta chali, akipiga maji polepole kwa mkono mmoja. Baridi ilipomshika, mama yule alipiga kelele moja, kisha akanyamaza. Ezelda hakukumbuka lini alimsikia akinyamaza kiasi hicho. Mwanga ulishuka juu yao kwa utepe mwembamba, kijani, na maji yaligonga kuta kwa sauti ya chini.

"Baba yako alikuwa ananisimulia humu ndani kulivyo," alisema Shangazi hatimaye. "Mimi nikimwambia, nina nguo za kufua. Umri wote huu sijawahi kuingia."

Ezelda akazidi kupiga maji. Alimfikisha hadi pale maporomoko yanaporusha ukungu usoni, wakakaa hapo kidogo, mkono wa shangazi umemshika bega kwa nguvu ya kuumiza. Kisha akakumbuka waya, mto na bahari, kichwa kikaanza kumgonga.

"Turudi. Tumechelewa."

"Wewe daima una haraka," alisema Shangazi.

Kwenye waya kulizuka ugomvi wa helmeti. Shangazi alisuka nywele juzi, na hakuna plastiki itakayomharibia. Ezelda alisema bila helmeti hapandi mtu. Shangazi alisema basi hapandi. Ezelda, kwa furaha ambayo hakuificha vizuri, alisema sawa, akae kwenye benchi. Hapo wale wanawake wawili wakaingilia, wakamfunga kilemba kwa taulo lao, wakampachika helmeti juu yake ikakaa kama chungu juu ya mafiga, na mama akapanda ngazi akiwapungia mkono.

Aliondoka jukwaani akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu kabisa. Uliteleza naye juu ya bonde zima, juu ya minazi na mibei, miti ya majani ya kunukia, ukapotea upande wa pili. Wageni wakapiga makofi. Ezelda alifika wa mwisho, akamkuta shangazi yake amekaa huku mikanda imemkaza, macho yanang'aa.

"Tena," alisema Shangazi.

"Hapana."

"Tena!" walisema wageni.

Walirudia. Walipokuwa wanapanda kurudia, simu ya Ezelda ililia.

"Mko mtoni?" aliuliza Hilroy.

"Tuko angani."

"Angani bado? Zelda, unafanya nini huko?"

"Muulize mama yako!"

Tone la kwanza la mvua lilianguka wakiwa njiani kushuka Layou. Gifton aliinamisha kichwa kuchungulia milima, Ezelda naye akachungulia, na wote wawili wakaona wingu lilivyokaa kule juu. Walipofika mtoni, maji yalikuwa ya rangi ya kahawa yenye maziwa, na tawi zima la mti lilipita mbele yao likizunguka. Tyubu zilizofungwa kwenye banda zilikuwa kavu na zimepangana vizuri, za njano na za bluu.

"Hatuingii," alisema Ezelda.

Bwana wa kofia ya kijani alikunjua ratiba. "Hapa imeandikwa mto."

"Mto ndio ule. Umeuona. Hatuingii."

"Nimelipia mambo manne. Nimefanya mawili. Mkipanga vizuri muda, haya hayatokei. Tulisimama kusalimia watu barabarani!"

Hapo kitu kilikatika ndani ya Ezelda. Tangu asubuhi alikuwa akikimeza: binamu anayepanga safari kwenye kiti, dereva anayesimama akiambiwa, mama wa majini, kilemba, wimbo wa kanisani. "Bwana," alisema, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, "ukiutaka mto huo, ule pale, uingie. Lakini si kwa tyubu zangu, na mimi sikufuati. Nina miaka mingi kwenye kazi hii na sijampoteza mtu, na sitaanza na wewe kwa sababu ya karatasi ya Hilroy!"

Mvua ililia juu ya bati la banda. Ezelda alijua amekosea namna ya kusema, na alijua hataomba radhi.

"Zelda," alisema Shangazi kwa Kikreole, taratibu. "Una njaa. Ukiwa na njaa uko hivi hivi tangu mdogo." Kisha akawageukia wageni, akafunua kapu. "Njooni, njooni. Nani anajua shelisheli la kuchoma?"

Lilikuwa limechomwa kwenye makaa, likamenywa, likakatwa vipande vinene. Kulikuwa na samaki wa chumvi aliyepikwa na vitunguu na pilipili, maandazi ya kukaanga na chupa ya chai ya kakao yenye mdalasini. Wageni walikula kwa mikono. Bwana wa kofia ya kijani alikataa, kisha akaonja, kisha akaongezewa. Na Shangazi, akigawa, alisimulia. Alisimulia Ezelda alivyotoroka shule ya Jumapili na kupatikana Titou bila nguo. Alisimulia alivyokojoa kitandani hadi anaingia darasa la nne. Alisimulia benki, kioo, na viatu vya kisigino alivyovinunua yeye mwenyewe, ambavyo viliokotwa korongoni, kimoja tu.

"Kimoja!" alisema, na banda zima likaangua kicheko.

Ezelda alichukua kipande cha shelisheli, akaenda kukaa kwenye basi na Gifton.

"Wamefurahi," alisema Gifton.

"Ndicho kinachoniudhi."

"Kweli ulikojoa hadi darasa la nne?"

"Gifton, angalia mvua."

Mero hawakufika majini. Walipita tu, bahari ilikuwa imechafuka kwa matope ya mto, na saa ya meli ilikuwa imekaribia. Miwani na mirija ilibaki kwenye mfuko wake. Gatini, wageni walishuka mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimkumbatia Shangazi. Bwana wa kofia ya kijani alimshika mikono yote miwili, akamwambia hajawahi kuwa na siku kama hii. Kisha akamgeukia Ezelda, na Ezelda akadhani, bila kutaka, kwamba sasa atamwambia neno yeye pia.

"Unaweza kutupiga picha?" aliuliza, akampa simu.

Aliwapiga. Tatu, maana kwenye ya kwanza Shangazi alisema amefumba macho.

Jioni ile alimkuta shangazi yake Laudat, jikoni, miguu ndani ya karai la maji ya moto yenye majani ya mibei. Ezelda alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima.

"Shangazi, nakuheshimu. Umenilea. Lakini kwenye safari zangu usije tena."

"Hilroy ameshaniomba."

"Ameshakuomba nini?"

"Niwe nakuja. Kila meli ya Jumatano. Anasema wageni wameandika huko kwenye simu zao, wote wananisema mimi. Na wewe wamekutaja."

"Wamesemaje?"

"Kwamba una sauti."

Ezelda alitoa simu hapo hapo, akampigia Hilroy, na kwa mara ya kwanza maishani hakumwacha amalize sentensi. Alimwambia ni mambo mawili kwa siku. Korongo na waya, au mto na bahari, na siku ya mvua yeye ndiye anayeamua ni lipi. Kama hataki, kesho aingie Titou yeye mwenyewe na tumbo lile. Hilroy alilalamika juu ya wenzao wa gatini, akalalamika juu ya rangi aliyoinunua, akauliza kama mama yake yuko hapo karibu, asaidie.

"Yuko hapa," alisema Ezelda. "Ameloweka miguu."

"Mpe simu."

Shangazi alipokea, akasikiliza, akaitikia mara kadhaa. "Hilroy," alisema mwishoni, "yale maji yalikuwa ya kahawa. Msikilize dada yako." Akamrudishia Ezelda simu bila kumtazama, akaongeza maji ya moto kwenye karai.

Basi ikawa mawili. Lakini Jumatano ikawa ya Shangazi, na hilo halikujadiliwa tena. Ezelda alisimama katikati ya jikoni, mtu aliyepata alichokitaka na bado ana hasira nusu ya kifua.

"Na helmeti utavaa bila kelele," alisema.

"Tutaona."

"Na mama wa majini hakuna."

"Mwanangu, punguza sauti, majirani wanasikia. Sufuria iko hapo, kuna magimbi na supu."

Ezelda alipakua. Alikula akiwa amesimama, mgongo ukimwelekea shangazi yake ili ajue bado amekasirika, na alipomaliza alipakua tena.