Kifuko cha Joto cha Mama Feza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mgongo wangu huikumbuka kabla ya kichwa. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, na majivuno ya kuwatosha watu wawili, kazi yangu kupakua samaki wakavu kutoka kwenye malori yaliyotoka mji wa Kasenga. Siku hiyo mwenzangu aliachia upande wake wa gunia, nami nikang'ang'ana nalo peke yangu ili wanaume wengine wasinicheke. Hawakucheka kweli. Ila nilipojaribu kuinuka kiuno kilikataa, ikabidi wanirudishe nyumbani, mtaani kwetu Hewa Bora, nikiwa nimelazwa juu ya mkokoteni wa viazi.

Sasa nikueleze nyumbani kwenyewe. Nilikuwa nimemuoa Feza, mama wa baba zenu, na kwa kuwa mkono wetu ulikuwa mfupi tulikaa katika kijumba cha nyuma, kwenye kiwanja cha wazazi wake. Baba yake alikuwa ameshafariki. Mwenye nyumba alikuwa mama yake, mama Feza. Ninyi watoto wa leo mnakula meza moja na wakwe zenu, mnapiga nao picha mmekumbatiana, hamwezi kujua buko, yaani ukwe, ilikuwa nini wakati wetu. Mkwe alikuwa mtu wa kuepukwa kwa heshima. Sikumtazama usoni. Akija kwa njia hii, mimi nilishika ile. Akiwa na neno nami alimwambia binti yake, hata kama nimesimama pale pale nasikia:

“Feza, ambia bwana yako mvula iko inakuya.”

Nami najibu: “Feza, ambia mama nimesikia.”

Cheka tu, lakini tuliishi vizuri hivyo, na mimi nilijivunia kuitwa mkwe mwenye adabu.

Jioni ile mama Feza hakuuliza mtu kitu. Alinisikia nikigugumia, akachukua suruali nzito ya kazi aliyoiacha marehemu mume wake, akaikata mguu mmoja, akaushona chini kwa mishono midogo midogo. Katika sufuria kavu akatia mahindi, chumvi ya mawe, karafuu alizozitwanga kidogo tu, na majani ya mchaichai aliyokuwa ameyakausha kivulini. Akaviweka juu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, akawa anageuza kwa mwiko bila haraka. Vilipopata moto alivimimina ndani ya mguu wa suruali, hakuujaza, akafunga juu kwa kamba. Harufu ilijaa kiwanja kizima. Majirani waliijua harufu hiyo, maana wanawake waliotoka kubeba magunia ya makala, yaani makaa, walikuwa wanakuja kwake kuomba kifuko cha mabega.

Feza akaniletea. “Mama anasema ulale kwa tumbo, uweke kwa mugongo mpaka ipoe.”

Mwanangu, kile kitu kilikuwa kinachoma kupitia shati. Mama Feza alikuwa amepima joto kwa kiganja chake, na kiganja hicho kilisonga bukari, ugali wetu, na kushika makaa tangu utotoni. Kilichokuwa vuguvugu kwake, kwangu kilikuwa moto wa kuzimu. Feza akauliza, “Iko namna gani?” Nyuma ya ukuta nikasikia mwiko umenyamaza. Mkwe wangu alikuwa anangoja jibu.

Ningesemaje? Mimi, mtoto wa watu, nimwambie mama mkwe kwamba alichonipa kwa mikono yake ni kibaya? Nikasema, “Iko bien. Ambia mama merci.” Kisha nikauma mto.

Misuli ililegea, siwezi kumnyima haki yake. Lakini ngozi ilivimba lengelenge. Mama Feza, aliposikia nimeshukuru, alifurahi mno. Kesho yake akaleta kifuko kikubwa zaidi, na chumvi akaiongeza, na chumvi ujue inashika moto kuliko nafaka yoyote. Mimi nikavaa mashati mawili. Feza akaniuliza kwa nini, nikasema nasikia baridi. Lengelenge likapasuka, kidonda kikaanza kutoa maji, na ile baridi niliyoidanganya ikaja yenyewe, homa ya kutetemesha kitanda. Na bado kila jioni nilituma shukrani. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kifo kilinichungulia tu, lakini kuumbuka niliumbuka.

Feza ndiye aliyegundua, siku shati lilipogandana na mgongo. Akaitwa muuguzi wa mtaani, akaliloanisha shati akalibandua polepole, akauliza kwa sauti ambayo kiwanja kizima kilisikia: “Ni nani alichoma huyu muntu?”

Nilisikia tu kiti cha mama Feza kikisogea, halafu mlango wake ukafungwa.

Tangu hapo mbabula yake haikuwashwa tena kwa ajili ya vifuko. Wanawake wa makala walikuja, akawarudisha mlangoni akiwaambia mikono yake imekuwa mibaya. Feza alikuja kwangu analia. Mama anafunga mizigo, alisema, anataka kwenda Kilwa, hii ya huku kwetu, si ile ya pwani, kwa kaka yake, kwa sababu mwanamke aliyemuunguza mkwe wake hawezi kukaa naye kiwanja kimoja. Na Feza wakati huo alikuwa na mimba ya kwanza, miguu imevimba, siku zake zimekaribia. Kwetu mtoto wa kwanza hazaliwi bila mama wa mama. Nililala pale na kidonda changu, nikaona kwamba adabu yangu nzuri inakaribia kumnyang'anya mke wangu mama yake saa anayomhitaji kuliko zote.

Kabla hajaondoka alikuja mlangoni kwangu. Nikageuza uso ukutani, kama desturi inavyotaka.

“Ilunga,” alisema. Nilishtuka, kwa maana hakuwahi kulitaja jina langu. “Leo sipitishi kwa Feza. Kila siku nilikuwa nauliza kama iko muzuri. Ulisema iko muzuri. Mi nikalala, nikashukuru Mungu, kumbe niko nachoma mutoto ya benyewe. Juu ya nini haukusema?”

“Mama, ilikuwa ni heshima,” niliujibu ukuta.

“Ile haiko heshima. Ulikamata bongo, ukaifunika na heshima, ukanipatia mu mikono. Kama ungesema, ningepunguza moto, basi, ingekwisha. Sasa hii zambi ya kukuchoma, nani atanitoa yo?”

Bongo, kwetu, ni uongo. Na ni kweli nilikuwa nimemdanganya. Mimi nilikuwa na kidonda cha mgongo ambacho kingepona. Yeye nilimpa kidonda bila yeye kujua ameumizwa lini. Nikageuka. Kwa mara ya kwanza tangu nioe nikamtazama usoni, nikakuta ni mama mwenye umbo dogo tu, mwembamba, macho mekundu kwa kulia, na mikono ameificha ndani ya kitenge chake kama mtu aliyekamatwa nayo. Naona haya hadi leo hii ninapokusimulia.

“Mama, usiende Kilwa,” nikasema. “Unisamehe. Kidonda kikipona, utanitengenezea tena. Na mimi nitasema.”

Alisimama kidogo, akaenda zake. Lakini mizigo ilibaki mlangoni kwake, na asubuhi ilikuwa bado ipo, na siku moja nikaona ametoa ndani yake sufuria ya kupikia.

Kidonda kikakauka. Desturi ina mlango wake kwa wakwe wanaotaka kuanza kusemezana: unapeleka kitenge. Nikamtuma Feza nacho. Jibu likarudi pamoja na kicheko, ambacho tulikuwa hatujakisikia kwa muda mrefu: “Kitenge nitakamata. Lakini kinywa ilishafunguka.”

Jioni karafuu zikanukia tena. Feza akaja polepole, tumbo mbele, akatandika kitambaa kisafi mgongoni kwangu akaweka kifuko juu yake. Nyuma ya ukuta mwiko ukanyamaza. Lilikuwa jambo dogo kusema, na nilihisi kama navunja nyumba.

“Mama,” nikasema kwa sauti, “iko moto. Punguza kidogo.”

Halafu nikasikia anavuta pumzi.

“Aksanti, mutoto yangu,” alisema.

Hakwenda Kilwa. Ni yeye aliyempokea baba yako mikononi.

Basi shika haya, mwanangu, maana najua hata wewe sasa unarudi kutoka kazini umeshika kiuno. Ukishona kifuko, tumia pamba nzito, usitumie kitambaa cha nailoni, kinayeyuka. Kijaze nusu tu, kipate kulala na umbo la mwili. Majani ya harufu yawe yamekauka kabisa, mabichi yanaoza ndani. Chumvi kidogo. Pasha taratibu, na hao wenye mikrowevu wasiondoke kwenda kuangalia simu. Kabla ya kumwekea mtu, kiweke kwanza ndani ya mkono wako, pale kwenye ngozi laini karibu na kiwiko. Usiamini kiganja cha mchapakazi. Weka kitambaa katikati, na usimwache mtu alale usingizi nacho. Jeraha jipya lililovimba, usilipe joto.

Lakini hayo ungeweza kuyapata kwa mtu yeyote. Ninalokuachia mimi ni hili: anayekupa joto hajui linakufikaje. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hata kwa yule anayekupenda sana. Ukiungua, mwambie mapema, kwa upole, akiwa bado anaweza kupunguza. Ukinyamaza ili usimkwaze, unamwachia aendelee kukuumiza, na siku akijua atalia machozi ambayo hukuwa na haki ya kumliza. Na wewe unayetoa, uliza mara ya pili, na usikasirike ukijibiwa ukweli. Mshukuru aliyekwambia, kama alivyofanya mama Feza.

Mungu aulinde mgongo wako, mwanangu. Aipe nyumba yako watu wanaoweza kuambiana “punguza kidogo” na wakaendelea kupendana, na wewe uwe wa kwanza kati yao. Amina.