Ndoo ya Mama Kwenye Mstari wa Mangobo

Maji yakiangukia ndani ya ndoo tupu ya bati hutoa sauti ambayo ndoo ya plastiki haiwezi kuitoa hata ifanyeje. Kwanza ni kishindo kikali kinachokwaruza masikio, kisha kinapoa kidogokidogo kadiri ndoo inavyojaa, mpaka unabaki mlio mzito wa maji yanayoangukia maji. Juzi jirani yangu alitoa ndoo ya namna hiyo kwenye stoo ya marehemu shangazi yake, akaitega chini ya bomba, na mimi, bibi mzima mwenye magoti yanayolalamika, nikajikuta niko nje bila viatu. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia siumwi, nimeitwa. Alinitazama kwa huruma, akaendelea kuteka maji yake.

Ninyi nitawaeleza, kwa kuwa hamna chungu mekoni kinachowakimbiza.

Nilizaliwa Mangobo, hapa Kisangani, enzi ambazo Wabelgiji bado waliuita mji huu kwa jina la mtu wao na sisi tukiuita kwa jina letu. Uhuru ulipofika nilikuwa mdogo. Nakumbuka bendera, nakumbuka vichwa vya watu nilivyoviona nikiwa mabegani mwa Papa, yaani baba yangu, na nakumbuka vizuri zaidi kwamba asubuhi iliyofuata mtaa wetu ulikuwa na bomba lile lile moja. Watu wazima walikuwa wamejiaminisha kwamba uhuru utaleta maji mpaka jikoni. Haukuleta. Watu walizidi kuhamia mjini, mstari wa maji ukarefuka, na hasira ikarefuka pamoja nao. Mwanamke akisukumana na mwenzake hakumwita tena kwa jina. Alimwita kwa kabila lake, kwa dini yake, kwa mto aliotoka. Ndoo zilipigwa mateke. Nilimwona mama mmoja akimmwagia jirani yake maji aliyoyasubiri tangu alfajiri, hasara ambayo hata mimi mtoto niliiona ni ya kijinga.

Papa alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa zile familia za zamani za hapa, ambazo mababu zao walikuja na misafara ya biashara kutoka mashariki. Mama alikuwa binti wa mto, Mkristo wa pande za Yanonge, mwenye sauti ambayo majirani walisema ingeweza kusimamisha mtumbwi ulioko mbali kule Isangi. Jioni, barazani kwetu, walikaa pia marafiki wawili. Papa Likoke alipiga lokole, ile ngoma ya gogo lililochimbwa tumbo ambayo watu wa mto huongea nayo. Tonton Gaspar, tuliyemwita tonton, yaani mjomba, alichora vibao vya vinyozi na vya baa, na kila mtu aliyemchora alifanana na yeye mwenyewe, hata wanawake. Walicheza na kuimba kwenye ndoa na kwenye matanga, wakala lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki, wakarudi nyumbani.

Siku ile ya maji kumwagwa, Mama alirudi na ndoo tupu, akaiweka katikati yao.

"Bon," akasema. "Munajua kuchekesha batu ku matanga. Alors, mukuye muchekeshe ku bomba. Kule ndiko batu banalia."

Ndivyo ulivyozaliwa Mchezo wa Bomba, na nitasema bila aibu kwamba sijaona mchezo mzuri kuliko ule. Tonton Gaspar alikuwa bomba lenyewe. Papa alimshonea joho la kijivu lenye mkono mmoja, mkono ndio ulikuwa mdomo wa bomba, na kila alipotaka kutoa maji alianza kukohoa, kwa sababu bomba letu lilikohoa hewa kwanza na mtaa wote uliujua ule ugonjwa wake. Mama alikuwa Madame Mbele, mwanamke anayefika wa mwisho na kutaka kuwa wa kwanza, ambaye hupenyeza ndoo tano kwenye mstari kisha huenda kusuka nywele. Wanawake wa mtaa, wale wale waliokuwa wakitukanana, walikuwa waimbaji, kila mmoja na ndoo yake. Mimi nilikuwa mtoto wa Madame Mbele, nimeshika kikombe. Sikuwa na neno hata moja la kusema, lakini nilikishika kikombe kile kwa ustadi mkubwa.

Waimbaji waliinua ndoo moja moja na kuuliza kwa wimbo: "Ndoo hii ya nani?" Na Mama, kutoka nyuma kabisa ya watu, akiwa na kitana bado kichwani, alijibu kwa sauti yake ya mto kwamba ni yake na anakuja: "Ya mimi! Niko nakuya!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Aliyewahi kupenyeza ndoo tano alicheka kuliko wote, akiangalia pembeni. Na taratibu mtaa ukapata sheria ambayo hakuna chef wa mtaa aliyeiandika: kila nyumba ndoo moja, na mwenye ndoo akienda kunyonyesha au kugeuza ndizi motoni, walio nyuma yake wanaisogeza mbele pamoja na zao. Ndoo ikiwepo, mwenyewe alihesabiwa yupo. Mwislamu alisogeza ya Mkristo, mtu wa mto alisogeza ya mtu wa msituni. Sababu ya kutukanana ikaisha, na bomba lilipokohoa mtaa mzima ulikohoa nalo. Watu wa mitaa mingine wakaja kutuomba tukawachezee na wao. Papa alitembea siku hizo kofia yake imekaa upande kidogo, na mimi nilimfuata nyuma nikitembea kama yeye.

Kisha uasi ukaja. Sitawasimulia vita, kwa sababu mtoto havioni vita, anaona watu wazima wakinong'ona. Waasi waliushika mji kwa miezi, na katika miezi ile hakukuwa na mchezo. Halafu ndege zikaja, na wanajeshi wa serikali, na asubuhi ile ya ndege Mama na Koko, yaani bibi yangu mzaa mama, walikuwa ng'ambo ya mto Tshopo kwenye shamba la muhogo. Majirani wengi walikimbilia huko huko. Hawakuweza kurudi. Wanajeshi waliulinda ukingo, wakimshuku kila mtu wa ng'ambo kuwa mwasi, na chochote kilichotikisika juu ya maji kilipigwa risasi.

Baadaye mambo yalipotulia, jeep yenye kipaza sauti ilikuja kutangaza kwamba watu watoke msituni, hakuna atakayewafanya kitu. Waliotoka wa kwanza walifungwa kamba hapo hapo ukingoni, ili waulizwe maswali. Msitu ukaona. Baada ya hapo hakuna aliyetoka tena.

Kila asubuhi Papa alichukua ndoo ya Mama, yenye ua jekundu ambalo Tonton Gaspar alilichora ubavuni, akaiweka kwenye mstari. Nyumba nyingine zilifanya vivyo hivyo kwa ajili ya watu wao. Mstari ulikuwa mrefu kwa ndoo na mfupi kwa watu. Ndoo ya Mama ilipofika mbele, Papa aliijaza, akaibeba nyumbani, na maji yale hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa mpaka asubuhi, alipoyamwaga mwenyewe na kuanza upya. Nilikuwa namwogopa kidogo wakati huo.

Papa Likoke ndiye aliyesema, jioni moja: "Ile jeep inaita batu bote. Donc haiiti mutu kwa jina lake."

Wakaenda kumwona sajini aliyelinda ukingo, na mimi nilikwenda nimeng'ang'ania mkono wa Papa kwa sababu sikukubali kuachwa. Sajini alikuwa akila mbinzo, wale viwavi wa kukaanga, akiwatoa kwenye karatasi. Papa akamweleza kwamba wanataka kucheza mchezo pale majini, wenzao wa ng'ambo wausikie. Sajini akawatazama: fundi cherehani, mzee wa ngoma, mchora vibao.

"Muko banasiasa?"

"Hapana, chef," akasema Papa. "Tuko batu ya bomba."

"Na kama kule kutatoka mutu na bunduki?"

"Basi mutushike siye. Tutakuwa mbele yenu, na batoto yetu. Lakini basoda babakie ku barabara, basishuke ku maji."

Papa akavua kofia, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuona akilifanya mbele ya mtu yeyote. Sajini akatafuna. Akakubali, ila lokole akaikataa kabisa, maana ngoma ile inaongea na yeye haielewi lugha yake. Papa Likoke hakubisha. Tulipofika nyumbani alipindua ndoo moja, akaigonga hapa na pale kwa vidole akiitafuta sauti.

Alasiri ya kwanza tulishuka mpaka pale maji yalipotulia, mbali na maporomoko. Matope yalinuka majani yaliyooza, na ng'ambo, juu ya miti, kulikuwa na moshi mwembamba wa mtu anayepika. Tulipanga ndoo mstari mmoja ukingoni, zote, za waliopo na za wasiokuwepo. Nyuma yetu wanajeshi walikaa barabarani na bunduki zao. Wanawake waliimba. Tonton Gaspar alikohoa. Kisha wakainua ndoo yenye ua jekundu, wakauliza: "Ndoo hii ya nani?"

Hakuna aliyejibu. Papa Likoke hakugonga. Walisimama tu na ndoo juu, wakisubiri, na maji yakipita.

Mimi nililijua jibu! Nililijua kuliko jina langu. Nilifungua mdomo nijibu kwa niaba ya Mama, mchezo usiharibike, na kabla sijatoa sauti kiganja cha Papa kilikuwa kinywani mwangu. Kilinuka mafuta ya cherehani.

"Nyamaza, mutoto. Ile nafasi haiko ya weye."

Nililia njia nzima kurudi. Niliamini kabisa kwamba sauti yangu ilikuwa mbaya, na kusema kweli haikuwa nzuri. Alasiri iliyofuata tulirudi, na nafasi ile ikaachwa tena, tupu, ndefu, mpaka mikono ya waliobeba ndoo ikachoka. Lakini siku ile Tonton Gaspar, alipokohoa kikohozi chake kirefu kuliko vyote, mtu alicheka msituni. Kicheko kimoja kifupi, mara kikafungwa. Tonton Gaspar aligeuka akatutazama, na uso wake wote ulikuwa machozi.

Sijui tulirudi mara ngapi baada ya hapo. Najua kwamba alasiri moja ndoo ilikuwa juu, swali limeulizwa, ukimya umekaa mahali pake pa kila siku, na kutoka kwenye majani ya ng'ambo ikatoka sauti nyembamba, kavu, ambayo mimi sikuitambua.

"Ya mimi! Niko nakuya!"

Papa aliitambua. Alikaa chini kwenye matope na suruali yake safi.

Mtumbwi ukatoka chini ya miti. Nyuma yetu nikasikia vyuma vya bunduki vikilia, nikasikia sajini akifoka kwamba hakuna kushuka, hakuna kupiga. Wanawake wa mtaa wakaingia majini mpaka kiunoni, wakasimama bega kwa bega kati ya bunduki na ule mtumbwi, na hawakuacha kuimba. Ndani yake alikuwamo Koko, amekunja miguu, na Mama akipiga kasia, amekonda hadi nguo zimekuwa za mtu mwingine. Alishuka. Papa alikuwa bado matopeni. Mama alimpita, akanipita mimi, akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa ndoo, akaweka mkono kiunoni.

"Nani amesogeza ndoo yangu?" akauliza, kwa sauti ya Madame Mbele.

Ndipo tukacheka, na katika kicheko kile akatukumbatia. Hata barabarani walicheka. Siku zilizofuata mitumbwi ilikuja kila tulipoimba, na hakuna aliyefungwa kamba, maana kila aliyeshuka alishukia mikononi mwa mtaa mzima. Si wote waliorudi. Ndoo kadhaa zilibaki kwenye mstari wa bomba, tukazisogeza mwezi baada ya mwezi mpaka zikatoboka kwa kutu, na sikumbuki mtu yeyote aliyethubutu kuziondoa.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo na akazeeka vibaya, yaani kwa ubishi. Kwenye matanga yake wale waliobaki wa Mchezo wa Bomba walikuja na fimbo zao. Mtu akaileta ndoo yenye ua, likiwa limefifia, wakaiinua, wakauliza kwa wimbo ndoo hii ya nani. Kukawa kimya. Ukimya ule nilikuwa ninaujua. Hapo, nikiwa mwanamke mzima mwenye watoto, ndipo nilipoelewa kile kiganja cha Papa. Kama ningejibu mimi, mtu wa msituni angesikia kwamba nafasi yake imechukuliwa. Watu wale, wasio na kitu mikononi isipokuwa bati na nyimbo, walikuwa wameibeba nafasi ya Mama mbele ya bunduki, tupu, ili yeye mwenyewe aione kwamba bado ipo.

Papa alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho yake hayaoni tena vizuri. Akanitafuta kwa mkono, akanipata begani.

"Zaina," akasema. "Sasa iko ya weye. Jibu."

Nikajibu kwa ile sauti yangu isiyo nzuri: "Ya mimi! Niko nakuya!" Watu wakaangua kicheko katikati ya machozi, kwa kuwa kwenye matanga si vizuri mtu kutangaza kwamba anakuja. Papa alicheka kuliko wote. Kisha akanikabidhi ndoo.