Alhamisi ya Makochi

Mathee, mama yangu, alipoambiwa kwamba mama wa kanjo, wale wa baraza la jiji, atakuja kwetu Alhamisi, jambo la kwanza alilofanya ni kutazama ukuta. La pili, alinitazama mimi.

"Na wewe, huo mdomo wako, siku hiyo utaufunga."

Mdomo wangu unajulikana mtaani. Darasani nimo mkiani kwa hesabu, lakini kwa kuigiza walimu sina mpinzani, na viboko nimevipata vya kutosha kuthibitisha. Basi nikaapa nitanyamaza, kwa sababu mgeni huyo alikuwa anakuja kwa ajili ya ndugu yangu mdogo, aliyekuwa na miaka mitatu na nusu na bado hajawahi kusimama.

Miguu yake ina matege, imepinda kama mabano ya hesabu. Anatembea kwa makalio. Usidhani ni mvivu, ana mwendo huyo! Kaptura zake hutoboka nyuma kabla mbele hazijachafuka.

Mwisho wa mtaa kuna ukumbi wa kanjo, sisi tunauita sosho. Jumamosi ni ndondi na disko, siku zingine ni watoto. Yupo nesi anayepima watoto kwa mizani ya kuning'iniza kama nyama buchani. Ipo nasari, na saa nne wanapewa maziwa. Yupo mama anayenyoosha miguu iliyopinda kwa mafuta na vibao. Na kwenye kona, nyuma ya meza, anakaa mama wa ustawi, huyo wa kusikiliza shida za nyumbani. Mzazi anaingia mlango mmoja, anamaliza yote. Mathee huchambua mitumba soko la Gikomba, na asipofika siku moja, kesho yake anakuta mtu mwingine amesimama mahali pake. Kwake yeye sosho ilikuwa mbingu yenye saa za kufungua.

Nesi alikuwa ameibonyeza ile miguu akasema, "Akianza sasa itanyooka, mama. Akifika miaka mitano mifupa imekaza. Usichelewe."

Nafasi ya kunyooshwa miguu ilikuwa imebaki moja, na ili kuipata ilibidi mama wa ustawi aje aone mnavyoishi.

Aone mnavyoishi! Hebu niambie, ni mama gani wa mtaa wetu atamruhusu mgeni aone anavyoishi?

Chumba chetu ni kimoja: kitanda, pazia, jiko, ndoo mbili za kukalia. Baba alikuwa wa reli. Akapewa uhamisho wa Kisumu, na barua zake nazo zikapewa uhamisho, hatujui wapi. Jirani yetu, mama Mswahili wa kutoka Mombasa ambaye tunamwita Bi Mkubwa ingawa ninampita kimo, aliposikia habari alishika kichwa.

"Mgeni wa serikali akalie ndoo? Haiwi, mwanangu. Njooni mchukue makochi yangu."

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo msimamizi wa ubebaji nikawa mimi. Nikakubali kwa moyo wote, maana mchezo gani mwingine unakuruhusu kuhamisha sebule ya watu mchana kweupe? Makochi mawili, vitambaa vya kufuma, thamosi, vikombe vya maua. Majirani wa mlango wa nne wakatuazima redio. Mimi, kwa kiherehere changu, nikaongeza saa ya ukutani isiyotembea. Mathee akatoa Gikomba suti ndogo ya bluu, suruali ndefu, na tai. Tukamkalisha mtoto kwenye kochi, mto huku na huku, kama bwana harusi anayesubiri picha.

Mama wa ustawi akafika na faili yake. Akakaa. Akazama.

"Habari za hapa, mama?"

"Nzuri sana, tunamshukuru Mungu. Karibu chai."

"Na shida mlizonazo?"

"Ah, shida gani? Kunywa chai kwanza, dada."

"Mtoto anatembea?"

Mathee akaitazama ile suruali ndefu. "Anajaribu."

Mimi nilikuwa nauma kanga ya mathee nisicheke. Mgeni akanywa vikombe viwili, akasifu vitambaa, akaandika, akaaga. Tulirudisha makochi tukiimba.

Jumatatu mathee akarudi kutoka sosho uso umemshuka. Ameambiwa nyumba yake inapendeza, inajiweza, na kuna wenye dhiki zaidi. Orodha ingepelekwa ofisini Ijumaa.

Nikakimbia huko mwenyewe, hadi kwenye meza ya mama wa ustawi. "Yale makochi si yetu, mama. Hata thamosi. Hata saa."

Akanikodolea macho. "Si wewe uliyemwigiza chifu hapa ukumbini, watu wakalia kwa kicheko?"

"Ni mimi."

Akacheka. "Mwambie mama yako aje aniambie mwenyewe."

Siku tatu mathee alikataa. "Niende niseme nini? Kwamba nilimkaribisha mgeni kwenye uongo?" Ijumaa hakwenda kazini, akambeba mtoto, nikamfuata.

Meza ya mama wa ustawi haina pazia. Iko hatua tatu kutoka kwenye benchi, na kwenye benchi walikuwa wamekaa wanawake wa laini yetu yote ya nyumba na watoto wao, wakingoja mizani. Mathee akasimama katikati ya ukumbi.

"Mama nanii, mzima?" mmoja akauliza. "Shida gani leo?"

"Wazima. Hakuna shida."

Nikamvuta kanga. "Mathee, sema. Sema tu."

"Nyamaza!"

Akageukia kwa nesi, akaomba dawa ya minyoo, akapewa, akashukuru. Mama wa ustawi aliinua macho mara moja, akayarudisha kwenye karatasi zake. Ningeweza kupiga kelele. Mimi, wa kelele zote za mtaa huu, sikufungua mdomo.

Orodha ikaenda bila jina la ndugu yangu, na pale Gikomba wakampunguzia mathee siku za kazi kwa sababu ya Alhamisi ile na ile Ijumaa.

Mwezi uliopita nilimbeba ndugu yangu sosho kupimwa. Amekuwa mzito sasa, nilipumzika njiani mara mbili. Ametimiza miaka mitano. Nesi ni yule yule. Akaishika miguu, akaibonyeza magotini kwa kidole gumba, taratibu, mguu mmoja kisha mwingine. Ilikuwa imekaza. Akaandika kilo zake kwenye kadi, akanirudishia.

"Anayefuata," akaita.